Shikamoo Baada ya Kumeza

Simu ilipoingia kutoka Vihingo, nilikuwa napima kiuno cha mteja kwenye kibanda changu cha cherehani pale Kwa Mathias. Aliyepiga ni mkwe wake Somo. Akasema mama mkwe wake huyo yupo, ila ameanzishiwa dawa za kifua kikuu muda sasa, anameza kila siku, na bado anazidi kuisha. Pete yake ya fedha imemvuka kidoleni. Futi ikaniponyoka. Mteja akaniuliza, "Dada vipi, umeona nyoka?" Afadhali ningeona nyoka.

Maana dawa zile nazijua. Nilizimeza mimi mwenyewe, miezi sita, na aliyenimezesha ni Somo huyo huyo. Mtu anayemeza siku hadi siku, kwa kawaida huanza kurudisha mwili. Anayezidi kuisha, ama ugonjwa umeshakuwa sugu, dawa haziuwezi tena, ama hamezi. Nikakaa kwenye stuli. Kati ya wanadamu wote ninaowajua, Somo ndiye wa mwisho ambaye ningemdhania kwamba hamezi.

Ngoja niwaambie ni mtu wa namna gani.

Somo ndiye aliyenicheza nilipovunja ungo, kwetu Dutumi. Kule binti akikua anakabidhiwa kwa mwanamke mmoja amfunde, na mwanamke huyo anabaki wake mpaka mmoja wao afe. Mafunzo yenyewe siyasemi, msinisubiri. Nitasema la adabu tu. Mwali hamtaji somo wake kwa jina, ndiyo maana hata hapa hamtalipata. Hamkazii macho. Na somo akiwa na kitu kinywani, awe anakula, awe anakunywa, awe anatafuna karanga moja, mwali anageuza uso au anashusha kanga mpaka amalize. Sijui kama kwingine wanalo hili. Sisi tuliochezwa naye tunalo, na limetuingia kwenye mifupa. Mimi leo nina mjukuu, lakini nikimwona Somo ananyanyua kikombe, shingo yangu inageuka yenyewe.

Ni mfupi, mpana, anatembea kwa visigino, unamsikia kabla hujamwona. Hapazi sauti. Watu wanaofoka mimi nimewazoea, sokoni wamejaa. Somo yeye akikasirika anashusha sauti, anaishusha, anaishusha, mpaka unalazimika kuinama umsikie, na hapo unakuwa umeshaanza kutetemeka. Marehemu mume wangu, mtu mzima na ndevu zake, akisikia visigino vile uani alikuwa anazima redio na kukaa vizuri.

Na huyo huyo, radi ikipiga, anaingia chini ya kitanda! Wallahi. Kwanza anafunika kioo kwa kanga, halafu anajisukuma uvunguni na upana wake wote, miguu inabaki nje. Siku moja nilimkuta hivyo. Nikamsalimia miguu. Akaitikia kutoka chini, "Marahaba, na ukicheka nakuona." Hakuwa ananiona, lakini sikucheka.

Alikuwa pia anavuta ugoro. Anaufunga kwenye pindo la kanga, fundo dogo gumu, na hakuna aliyethubutu kuligusa. Wagonjwa wake aliwakataza sigara, pombe, hata kukaa karibu na jiko la kuni. Kijana mmoja akajitia ujasiri, akamuuliza, "Na huo ugoro je, Mama?" Somo akafungua pindo, akavuta taratibu, akapiga chafya mbili, akasema, "Mimi nakohoa?"

Jinsi alivyoingia kwenye kazi ya kumezesha watu ni hivi. Mume wake aliugua kifua kikuu, akaanzishiwa dawa, alipoona anamaliza ugali wake wote akasema amepona, akaacha. Akarudi kitandani na hakuinuka tena. Baada ya arobaini Somo akahama Dutumi, akaja kupanga Kwa Mathias, nyumba ya pili kutoka kwangu. Pale kituo cha afya, mgonjwa akianzishiwa dawa anatakiwa awe na mtu wa kumsimamia akimeza. Wengine wanakuja hawana mtu: mtu katoka bara peke yake, au ndugu wamemkimbia. Nesi akamwomba Somo amsimamie mmoja. Akamshika yule mmoja barabara, nesi akamwongezea wengine. Hakulipwa kitu.

Kanuni zake hazikuwa nyingi. Asubuhi, kabla hujatia chochote tumboni. Maji kikombe kizima. Unameza, unafungua kinywa, unainua ulimi. Halafu ndiyo unampa shikamoo. Sikilizeni hapo: akifika hakutaki umsalimie. Ukijisahau ukasema shikamoo mlangoni, anakutazama tu. Salamu inakuja baada ya kidonge, kwa sababu, anasema, mwenye kidonge shavuni hawezi kutamka shikamoo ikatoka safi. Anasikiliza kwa sikio moja, kichwa kimeinama upande. Ikitoka safi anaitikia "Marahaba," halafu, "Kesho tena," na anaondoka. Ikitoka nzito anabaki amesimama. Palikuwa na mzee mmoja mstaafu, kamzidi Somo umri, akagoma. "Nimwamkie huyu mtoto?" Alinuna, alibisha, akaenda kushtaki kwa balozi. Mwisho akaamkia, na alipomaliza dozi alimletea Somo jogoo.

Mimi nilipoanza kukohoa nilijificha. Niliogopa wateja watanikimbia, nani ataka gauni lililoshonwa na mtu anayekohoa? Niliogopa zaidi kwa sababu mwanangu wa mwisho alikuwa bado analala ubavuni mwangu. Nilikuwa nashona nimefunga mtandio mdomoni, nasema ni vumbi la barabara ya Morogoro. Somo alikuja akasimama mlangoni, akasikiliza kifua changu kutoka pale alipo, akasema kwa ile sauti yake ya chini, "Vaa viatu." Nikavaa. Akanitangulia mpaka kituoni. Nilipotoa makohozi na majibu yakaja, alikuwa ameshamchukua mtoto naye akapimwe, na alikuwa ameshafungua madirisha yangu yote yaliyokuwa hayafunguki.

Siku ya kwanza ya dawa nilikwenda chooni nikapiga ukelele. Mkojo mwekundu! Nikajua ndiyo basi, damu inaniisha. Somo akaja, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona anacheka mpaka anashika ukuta. "Dawa imefika, mwali wangu. Ukikojoa mweupe ndiyo uniite." Tangu hapo kila asubuhi alikuwa anaulizia rangi, bila haya, mbele za watu, kama anauliza bei ya nyanya.

Mwezi wa pili nikapata nafuu kubwa. Kikohozi kimekata, nguo zimeanza kunibana. Na vile vidonge vilikuwa vinanichefua, vinaniwasha nyayo. Nikamwambia, "Somo, mimi naona nimepona." Akashusha sauti. Nikainama. Akasema, "Hata mume wangu aliona." Basi. Nilikaa na maneno hayo siku nzima kwenye cherehani, nikashona mkono wa blauzi mahali pa kola. Nilimaliza miezi yangu yote. Niko hai kwa sababu niliogopa, na nilimwogopa yeye kuliko nilivyouogopa ugonjwa.

Sasa nisimpambe sana. Ukali ule ulikuwa na upande wake mbaya, na aliujua mwenyewe.

Palikuwa na fundi rangi, kijana wa bara, mpole, amepanga chumba nyuma ya stendi. Somo alimmezesha kama anavyotumezesha wote. Kijana akaanza kulalamika: tumbo linamuuma, chakula hakitaki kupita, mwili unamwasha, amechoka. Somo alishasikia hayo kwa kila mtu, na nusu yetu tulikuwa tunatafuta njia ya kutoroka. Akamwambia, "Meza." Kijana akasema mkojo umekuwa mweusi kama kahawa. Somo akamjibu kwamba dawa ndiyo inavyofanya kazi. Kijana alikuwa na adabu, ameambiwa huyu ni mama mkubwa, kwa hiyo alikuwa anaongea naye ameinamisha uso. Na Somo alikuwa anatazama kinywa, ulimi, kikombe. Mpaka siku fundi mwenzake alipomleta kijana amemshika kwapa, wakampandisha kwenye gari la hospitali, na nesi akamvuta kope. Macho yalikuwa manjano kabisa. Ini lilishaumia. Hakurudi hai.

Nesi alimweleza Somo kwamba hilo hutokea kwa wachache, na kwamba ndiyo maana mtu akisema tumbo na macho anatakiwa kuletwa haraka, dawa zisimamishwe, apewe nyingine. Hakumlaumu. Somo akasikiliza, akaaga, akarudi nyumbani. Kesho yake hakwenda kumezesha mtu. Akamwambia nesi atafute mwingine, akafunga vitu vyake, akaenda kwa mwanawe wa kiume Vihingo, ng'ambo ya Kisarawe, kwenye mashamba ya mihogo na mapori. Jambo hili alinisimulia mara moja tu, siku ya kuhama, tukiwa tunafunga godoro kwa kamba. Alisema, "Kinywa nilikitazama kila siku. Macho sikuyatazama." Halafu akaniambia nivute kamba vizuri, inalegea.

Basi simu ile ilipokuja, ndiyo haya yaliyonizunguka kichwani. Nilifunika cherehani, nikapanda basi mpaka Mlandizi, nikachukua bodaboda njia ya vumbi. Njia nzima naomba Mungu iwe ni kitu kingine, iwe sukari, iwe uzee, iwe chochote.

Mkwe wake alinipokea uani. Naye alichezwa na Somo kabla hajaolewa na mwanawe, kwa hiyo adabu yake ni mara mbili: mwali na mkwe. Alikuwa anaosha vyombo, na mtoto wake mdogo kalala mkekani, ndani, chumba kile kile cha bibi yake. Nikamwona yule mtoto, nikaacha hata salamu.

"Unamwona akimeza?" nikamuuliza.

"Namwekea dawa na maji kila asubuhi, dada. Narudi nakuta kikombe kitupu."

"Sikuulizi kikombe. Unamwona?"

Akanishangaa. "Dada! Nimtazame Mama kinywani? Nina wazimu? Akishika dawa mimi nageukia ukutani."

"Na mume wako?"

"Anakwenda shamba alfajiri."

Nilikuwa naogopa kuuliza linalofuata, nikauliza. Somo alikuwa amedhoofu, hatoki kwenda chooni, anatumia kopo, na mkwe ndiye anayemwaga. "Mkojo wake una rangi gani?"

"Wa kawaida tu. Mweupe. Kwani unatakiwa kuwaje?"

Nikakaa chini pale pale, kwenye maji ya vyombo.

Nilipoingia ndani, Somo alikuwa ameegemea ukuta, kanga mbili, mifupa ya bega inaonekana. Upana wote ule umekwenda wapi? Lakini aliponiona alininyooshea kidole niketi, kwa amri ile ile. Nikapiga goti, nikampa shikamoo, akaitikia. Kikohozi kikamshika, akakikata kwenye pindo. Kisha macho yake yakaenda kwenye fundo la kanga, na yangu yakaenda hapo hapo.

Fundo lilikuwa kubwa mno kwa ugoro.

"Somo," nikasema. "Naomba ufungue pindo."

"Nani amekuruhusu kunitazama?"

"Hakuna aliyeniruhusu."

"Basi geuka."

Jamani, shingo ilitaka kugeuka. Nilisikia kabisa inavutwa. Mwili wangu wote uliofundwa na mwanamke huyu ulikuwa unaniambia geuka, na nilikuwa najua nikigeuka tu nimemzika. Nikashika godoro kwa mikono miwili. "Sigeuki," nikasema, na machozi yakaanza kunitoka kwa woga.

Alishusha sauti mpaka nikainama. Hakusema nilichotegemea. Alisema, "Naogopa."

Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake, hata wakati wa radi.

Akafungua fundo mwenyewe. Vidonge vilikuwa vimeshikamana, vimepauka kwa jasho, rangi yake imeingia kwenye kanga. "Kila nikikiweka ulimini namwona yule kijana," akasema. "Ameinamisha uso. Ananiambia Mama, mkojo mweusi. Namwambia meza. Nikimeza na mimi macho yatageuka manjano, na hapa nani ataona? Hawa wote wameinamisha uso. Mimi ndiye niliyewafundisha."

"Usipomeza unakufa, Somo. Na yule mtoto analala humu."

Akamtazama mjukuu wake pale mkekani. Nikasema nitamtoa mtoto chumbani leo hii, apimwe, na yeye Somo aende kituoni aseme ukweli. "Vaa viatu," nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri. Mkwe, mlangoni, alifunga mdomo kwa mkono.

Tulimbeba kwa bajaji ya jirani. Kituoni alisema mwenyewe, sikumsemea. Alimweleza daktari kwamba hamezi na kwamba anaogopa ini. Daktari hakufoka. Wakachukua makohozi upya waangalie kama ugonjwa umeshakuwa sugu, wakachukua na damu, wakamweleza dalili moja moja za kukimbilia kituoni, wakampa dawa aanze tena wakati majibu yanasubiriwa. Mkwe aliyasikiliza yote ameinamisha uso. Nikampiga kiwiko auinue.

Nikalala Vihingo. Asubuhi Somo alikuwa ameshaketi kitako, kanga amejifunga upya, pindo halina fundo. Dirisha wazi. Niliweka vidonge kwenye kiganja chake na maji kikombe kizima.

"Nitameza," akasema, "ila kwa sharti. Weye utanitazama macho. Kila siku, kwenye mwanga. Usiniamini nikisema sijambo."

"Nitakutazama."

"Na huyu," akamwonyesha mkwe aliyekuwa amegeukia ukutani, "geuka, weye. Utazame." Akanigeukia mimi. "Ukiondoka weye atabaki yeye."

Mkwe akageuka polepole. Somo akaviweka vidonge kinywani, akanywa, akatulia. Nilisubiri. Nilikuwa sijamsalimia tangu kulipokucha, kwa makusudi.

"Shikamoo, Somo."

Akatikisa kichwa tu.

Shavu lake la kushoto lilikuwa limejaa kidogo. Alikuwa ananitazama, na nilikuwa namtazama, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotea sokoni. Nikamsogezea kikombe tena. Nikasema kwa nguvu zaidi, "Shikamoo, Somo."

Akanywa. Koo likapanda, likashuka. Akafungua kinywa bila kuambiwa, akainua ulimi, hakuna kitu.

"Marahaba, mwali wangu," akasema, safi kabisa.

Nikamshika kidevu, nikamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, nikamvuta kope kama nesi. Maisha yangu yote sikuwahi kuyaona macho yake kwa karibu namna ile. Mkwe naye akasogea, akainama akatazama.

"Yakoje?" Somo akauliza.

"Meupe."

"Hakika?"

"Meupe, Somo."

Akapumua. Akanishika mkono, hakuuachia.

"Kesho tena?" akasema, naye hakuwa anaamuru, alikuwa anauliza.

"Kesho tena," nikamjibu.